Vumbi la Fila Si Unga

Saa nane usiku mwanangu aliketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yamempanda hadi masikioni. Hakuwa akilia. Mtoto wa pumu akibanwa sana halii, maana kilio kinataka pumzi na pumzi ndiyo hana. Niliwasha tochi ya simu nikitafuta dawa yake ya kuvuta, na kwenye mwanga ule nikaona chandarua ni cheupe kuliko siku niliyokinunua. Nilikigusa. Kidole kilitoka na unga.

Ulikuwa unga wa ukuta.

Hiyo ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, wakati ambao sisi walimu hupata nafasi ya kushughulikia nyumba zetu. Tunaishi Kiamunyi, hapa Nakuru, kwenye udongo wa volkano ulio mwepesi, ambao mvua ikiushika vizuri hutitia chini ya msingi. Kuta huchanika. Tusishangae sana, tumejenga ndani ya Bonde la Ufa. Mama alipokuja kututembelea alisimama mbele ya ufa uliokuwa ukishuka kutoka kona ya dirisha la sebule, akautazama, kisha akanikumbusha ile methali ya ukuta ambayo hata watoto wa darasa la nne wanaijua. Kesho yake nikampigia fundi.

Ni fundi mzuri, na nitaendelea kumpa kazi. Aliuchimba ufa kwa ncha ya skrepa mpaka ukawa na kingo safi, akalowesha, akajaza fila, ule unga mweupe unaokorogwa na maji kuzibia nyufa, kisha akaskimu, yaani akapaka safu nyembamba ya fila hiyo, ukuta wote wa sebule na chumba cha watoto. Siku ya pili alikuja na msasa. Alisugua tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, fulana ameifunga puani, milango yote wazi. Mimi nilikuwa nikipika pale karibu. Watoto waliandika majina yao kwa kidole juu ya meza, na mdogo aliandika lake mara tatu kwa furaha. Jioni nilichukua ufagio nikafagia nyumba nzima.

Hilo la ufagio ndilo linaloniuma hadi leo. Vumbi lililokuwa limeshatua nililirudisha hewani kwa mikono yangu, kisha nikawalaza watoto humo.

Hospitalini, mtoto alipokuwa ameshafungwa kile kikombe cha mvuke wa dawa usoni, daktari wa zamu alinitazama nywele.

“Mama, nyumbani mnajenga?”

“Hapana daktari, tunapaka rangi tu.”

“Bado hamjapaka. Hilo ni vumbi la msasa.”

Alfajiri tulirudi nyumbani, mtoto amelala begani kwangu, na kitu cha kwanza nilichokifanya baada ya kumlaza kwa jirani ni kwenda nyuma ya nyumba kuutafuta mfuko wa fila. Nilitaka kusoma. Miaka yote niliyoishi kwenye nyumba za mawe nilikuwa nikiamini fila ni chokaa iliyosagwa laini, basi. Maandishi yalikuwa madogo na sehemu yamefunikwa na tope, lakini onyo lilikuwepo: usivute vumbi lake, kinga macho, osha ngozi kwa maji mengi. Kila mfuko una onyo hilo au linalofanana nalo. Mwenye duka hakulitaja, fundi hakulisoma, nami nililipia bila kugeuza mfuko.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi. Fila nyingi za ndani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa au jasi, zikichanganywa na gundi, na nyingine huwa na talki au maika. Za nje, na hata baadhi ya zile za unga tunazotumia ndani, zina simiti nyeupe. Zilizo tayari kwenye ndoo zina pia dawa za kuzuia zisioze, na dawa hizo huwawasha sana watu ambao ngozi yao imeshazikataa. Juu ya hayo yote kuna silika, kwa kiasi kidogo au kikubwa kutegemea jiwe lililosagwa lilitoka wapi. Silika ndiyo hii hii ya mchanga wa mtoni. Ikiwa punje ya mchanga haina neno. Ikisagwa mpaka ikaelea hewani, imekuwa kitu kingine.

Sisi watu wa Nakuru tuna mahali pa kulielewa jambo hili kwa macho. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi Kariandusi, karibu na Elementaita, kuyaona mashoka ya mawe ya watu wa kale, na pembeni pale kuna machimbo ya udongo mweupe, mwepesi kama mkate mkavu. Ni diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyoishi katika ziwa la zamani, na maganda yao ni silika. Huchimbwa kwa ajili ya kuchujia vinywaji na mafuta, na pia huongezwa kwenye rangi. Ukiwa bado ardhini, udongo ule kwa sehemu kubwa haujajipanga kama fuwele, na madhara yake ni machache. Ukichomwa kwa joto kali kiwandani, sehemu yake hugeuka kuwa silika ya fuwele, na hiyo ndiyo yenye hatari. Wanafunzi wangu hurudi kwenye basi viatu vyeupe na mikono myeupe, tukacheka. Sasa kabla hawajapanda nawaambia wajipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Ni kwa nini vumbi la fila linatudanganya? Nadhani ni kwa sababu ya unga wa ngano. Tumekua tukiona unga ukirukia kwenye nywele za mama zetu wanaposukuma chapati, na hakuna aliyekufa. Fila ina rangi ile ile na ulaini ule ule. Lile vumbi tunaloliona likianguka sakafuni ni zito. Pua hulikamata, tukapenga, likatoka. La hatari ni lile ambalo jicho halilioni. Unywele wa mtu una upana wa takriban maikroni 70, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zinazofika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko vya kupitishia hewa damuni, hazizidi maikroni 4 hivi, yaani ungepanga zaidi ya 15 ndipo uuvuke unywele mmoja. Zile ndogo kabisa huelea chumbani kwa saa kadhaa baada ya fundi kukusanya vyombo vyake. Ukiona chumba kimetulia, si kwamba hewa ni safi.

Zikifika kule chini, seli za mwili zinazolinda mapafu huzimeza ili kuziondoa. Chaki na jasi huyeyuka na kuondolewa polepole, ingawa kwa mtu mwenye pumu kule kuwashwa tu kunatosha kumbana njia za hewa, kama ilivyompata mwanangu. Silika ya fuwele haiyeyuki. Inaiua ile seli iliyoimeza, inatoka, inamezwa na nyingine, inaiua hiyo pia, na kila mara inaacha kidonda kidogo kinachopona kwa kovu. Pafu lenye makovu mengi halikunjuki tena. Kwa kawaida ugonjwa huu, silikosisi, huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, na hauna dawa ya kuuondoa. Mwenye nao pia huwa rahisi zaidi kupatwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mtu anayeskimu ukuta wa nyumba yake mara moja kwa miaka mitano hatapata silikosisi kwa hilo. Sitaki kumtisha mtu bila sababu. Ila fundi anasugua kuta za nyumba za watu wote. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, wataalamu wa NIOSH, taasisi ya serikali inayochunguza usalama na afya kazini, waliwapima mafundi wanaosugua kuta, wakakuta baadhi yao wakizungukwa na vumbi lililofika mara 10 ya kikomo cha sheria ya huko, ambacho ni miligramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimwona fundi wangu na fulana yake puani.

Na nikayakumbuka maziwa.

Siku ya msasa, alipomaliza, aliniambia, “Mwalimu, unisaidie na pakiti moja ya maziwa nioshe kifua.” Nilimpa bila swali. Wajenzi wote ninaowajua hunywa maziwa baada ya vumbi, wapakaji rangi hunywa baada ya harufu, na wachomeleaji pia. Ni imani yenye huruma ndani yake, kwa kuwa mara nyingi ndiyo kinga pekee ambayo mwenye nyumba hukubali kulipia. Lakini maziwa hushuka kwa njia ya chakula hadi tumboni, na vumbi lilishuka kwa njia ya hewa hadi mapafuni. Njia hizo huachana kooni na hazikutani tena huko chini. Mpe fundi maziwa, ni chakula na amefanya kazi. Usimpe badala ya barakoa.

Simiti ina ubaya wake mwingine, na huu ni wa ngozi na macho. Ikilowa huwa kali kama sabuni ya magadi iliyozidi kipimo. Kipimo chake cha uchachu-magadi, yaani pH, hupita 12. Huchoma polepole bila kuuma mara moja, hivyo mtu hupiga magoti kwenye simiti mbichi mchana mzima, na maumivu yanamjia jioni ngozi ikiwa imeshakufa. Ina pia kromiamu ya aina inayoifanya ngozi iikatae simiti kabisa. Baadhi ya wale mafundi wenye viganja vilivyopasuka na kuwasha mwaka mzima hawana “baridi ya mikono”, wana mzio huo. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha kromiamu hiyo ndani ya simiti mwaka 2005, sehemu 2 tu kwa kila milioni, kwa sababu ya mikono kama hiyo. Ikiingia jichoni, ni maji safi, mengi, dakika 15 hadi 20, kope zimeshikwa wazi, kisha hospitali. Si maziwa ya mama, si mate, si ncha ya leso.

Jasi nayo hutoa joto inapoganda. Mwanangu mkubwa, siku ile fundi anakoroga, aliomba atumbukize mkono kwenye ndoo ili abaki na alama ya kiganja chake. Nilimkataza kwa sababu sikutaka achafuke. Baadaye nikasoma kuhusu msichana wa miaka 16 huko Lincolnshire, Uingereza, ambaye mwaka 2007 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya jasi darasani ili atengeneze mfano wa mikono yake. Jasi iliganda, ikapanda joto hadi nyuzi 60 hivi, na mikono haikutoka. Alipoteza karibu vidole vyake vyote. Niliisoma habari hiyo mara mbili, kisha nikaenda kumtazama mtoto aliyekuwa akichora mezani.

Kuna jambo la nyumba za zamani ambalo naona hatulizungumzii. Unapopiga msasa ukuta uliopakwa rangi zamani, husugui fila peke yake, unasugua na rangi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni, lakini ukuta uliopakwa kabla ya hapo haujui sheria. Tulisikia sote yaliyowapata watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako risasi ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Chanzo ni tofauti, sumu ni ile ile, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi kuukuu inayomenyuka ilowesheni kwanza, ikwanguliwe ikiwa majimaji, na makapi yakusanywe yote kwenye mfuko. Kuhusu asbesto, Marekani iliipiga marufuku ndani ya fila za ukuta mwaka 1977, na hapa kwetu asbesto ilikatazwa mwaka 2006, ila bado iko juu ya paa za nyumba nyingi za zamani, zikiwemo za walimu. Ukuta au dari ya nyumba ya namna hiyo usiiguse kwa msasa wala kwa drili kabla mtu anayejua hajaiangalia.

Na hili nalisema kwa akina mama wenzangu. Wengi wetu tukiwa wajawazito hutamani harufu ya udongo uliolowa, tukanunua odowa, vile vijiwe vya udongo vya kutafuna, sokoni, na wapo wanaobanja plasta ya ukutani wakaila kwa siri. Nimewajua. Mtoto anayetambaa naye hulamba vidole vilivyopita sakafuni. Ukuta mpya si odowa, na ukuta wa zamani ni mbaya zaidi. Vivyo hivyo ile ndoo ya lita 20 iliyobaki baada ya fila au rangi, yenye kifuniko kizuri kinachobana. Najua thamani yake katika nyumba ambayo maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki. Tumia kwa kufulia, kwa kupandia sukuma, kwa kubebea mchanga. Usiweke humo maji ya kunywa wala unga wa ugali.

Chumba chetu cha kulala kilikuwa bado. Nilikiacha mpaka likizo ya Aprili, na safari hii nilikaa na fundi chini kwanza, tukanywa chai, nikamweleza ninachotaka. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayejua kazi kuliko anayemweleza. Kisha akasema, “Mwalimu, maji yatachelewesha.” Nikamwambia nitalipa siku moja zaidi. Hapo tulielewana, na nadhani hapo ndipo penye shida yote: fundi analipwa kwa chumba, si kwa siku, na kila tahadhari inamla yeye.

Watoto walikwenda kwa nyanya yao Njoro siku nne. Tulitoa kila kitu chumbani, hata pazia, na godoro ambalo lisingepita mlangoni tulilifunga kwa nailoni. Mlango tuliufunika kwa karatasi ya nailoni kutoka juu hadi chini na kuubana kwa utepe, dirisha likawa wazi nje. Wakati wa kukoroga, maji yalitangulia ndooni, unga ukafuata polepole, karibu na maji, si kumwagwa kutoka juu. Hata ule mfuko mtupu, ambao mafundi wote huukunja kwa kuupiga na kutoa wingu la mwisho usoni, tuliukunja taratibu tukiwa nje.

Jambo lililopunguza vumbi kuliko yote lilianza kabla ya msasa. Nilimwomba apake safu nyembamba, azilainishe kwa mwiko fila ikiwa bado mbichi, ili kibaki kidogo cha kusugua. Yeye mwenyewe alisema hivyo ndivyo alivyofundishwa, kabla watu hawajaanza kumharakisha. Kisha, fila ilipokauka, tulitumia sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa, tukisugua kwa mzunguko, tukisuuza kwenye ndoo kila baada ya muda. Pale ambapo palihitaji msasa mkavu, alifunga msasa kwenye fimbo ndefu, uso wake ukawa mbali na ukuta. Barakoa zilikuwa za N95, zile zinazochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, na bei ya barakoa nne haikufika malipo yake ya nusu siku. Zile za hospitali za rangi ya samawati hazibani pembeni, hewa hupita ubavuni na vumbi lake. Fundi alikuwa na ndevu. Nilimweleza kwamba barakoa haishiki juu ya ndevu, na siku ya pili alikuja amenyoa. Sikutarajia hilo, na lilinigusa.

Ufagio sikuushika. Tulipiga deki kwa maji mara mbili, siku ile na kesho yake, na kuta za vyumba vingine nikazipangusa kwa kitambaa chenye maji. Maji meupe ya kusuuzia hatukuyamwaga kwenye sinki, kwa kuwa mashapo yake huganda bombani; tuliyaacha yatue, tukamwaga yaliyo juu kwenye udongo mbali na mboga, na ile tope tukaiacha ikauke tukaitupa na taka za ujenzi. Nguo za kazi nilizifua peke yake. Mwanangu alirudi siku ya nne, akaomba alale chumbani kwetu usiku ule kwa sababu alitaka kunusa rangi mpya, nikamwambia hapana, akalala kwake. Hakukohoa.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Tukiisoma tunawafikiria wenye viwanda. Mimi niliyempigia fundi simu, nikamwonyesha ukuta, nikapatana naye bei, sikuwahi kujiita mwajiri wa mtu. Lakini vumbi alilolivuta Desemba lilitoka kwenye ukuta wangu, kwa kazi niliyoitaka mimi, na sikumpa hata kitambaa.

Mwezi wa Mei nilimshawishi aende kupimwa kifua, kwa kuwa kikohozi chake cha asubuhi nilikisikia siku zote alizofanya kazi kwangu. Kipimo cha kifua kikuu katika hospitali za umma ni bure. Hakikuonyesha kitu, wakamwambia arudi kupigwa picha, na bado hajarudi. Ananiambia ni foleni. Nitazidi kumuuliza.

Wiki iliyopita alinipigia akiwa Lanet, kwenye kazi ya nyumba ya ghorofa, ana vijana wanne chini yake. Nyuma yake nilisikia msasa. Aliuliza zile barakoa nilizinunua duka gani. Nikamwelekeza, nikamwambia aulize zenye kamba mbili za kupita nyuma ya kichwa, si za masikioni, na achukue sifongo pia.